Taa inazimika saa ngapi? Utatuzi wa matatizo ya taa kuukuu zilizofungwa sola, kwa nyua za Goma

Mtu akiniletea taa ya sola iliyomgomea, namuuliza jambo moja kabla sijaifungua: inazimika saa ngapi? Wengi hawana jibu. Wanajua tu kwamba "imekufa", na tayari wameshanunua betri nyingine mtaa wa Birere, na ile mpya nayo imekufa. Saa ya kuzimika inaeleza mengi kuliko bisibisi. Taa isiyowaka kabisa ina chanzo chake, inayowaka nusu saa ina chake, inayofika saa nne usiku ina chake, na ile inayowaka mchana kutwa halafu usiku imelala mara nyingi hupona kwa tone moja la risasi ya kulehemu.

Taa ninazozungumzia ni zile kuukuu za nyumbani: chemli iliyostaafu mafuta, taa ya mezani yenye mguu wa shaba, tufe la kioo la ukutani, taa ya kuning'inia ya mikono mitano iliyobaki kwenye stoo tangu sebule ilipobadilishwa. Umezitoa vitu vyake vya umeme, ukatia ndani saketi ya taa ndogo ya bustani, ile yenye paneli ya volti 2, betri moja ya kuchajiwa, aina ya NiMH ya volti 1.2, na LED. Au umejenga yako yenye betri ya lithiamu. Imependeza, jirani ameisifu, halafu imeanza visa.

Jambo moja kwanza, na halina mjadala. Kama taa ilikuwa ya umeme wa nyumba, waya wa zamani na plagi visibaki. Siku moja mtoto au mgeni ataona plagi, ataichomeka kwenye volti 220 za SNEL, shirika la umeme, na mwili wote wa taa ni chuma. Toa pia kishikio cha ampuli, kiwe cha skrubu au cha kubonyeza na kuzungusha. Kama ni taa ya presha, ile soksi ya zamani inayoning'inia ndani usiipondeponde kwa vidole: soksi za miaka ile zilitiwa thoriamu, na vumbi lake si la kuvuta puani. Iloweshe, iondoe, nawa mikono.

Vifaa vya kutafutia kosa ni mita ya bei ndogo ya kupimia volti na mkondo, kipande cha kitambaa cheusi, msasa laini, na betri moja ambayo una hakika ni nzima. Na ukumbuke jinsi taa hizi zinavyofikiri. Ndani ya saketi kuna kidude cheusi cha miguu minne, mara nyingi kimeandikwa YX8018 au QX5252. Hakina jicho. Kinasoma volti ya paneli tu: paneli ikitoa volti, kinahesabu ni mchana na kinachaji, volti ikianguka, kinahesabu ni usiku na kinawasha. Ukilishika hilo, vitendawili vingi vya hapa chini utavitegua bila msaada wangu.

Haiwaki kabisa

Funika paneli kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, au ilaze kifudifudi mezani. Kiganja mchana hakitoshi, mwanga unapenya kati ya vidole. Ikiwaka, taa yako ni nzima. Kuna mwanga wa usiku unaoangukia paneli, nenda sehemu ya kupepesa.

Isipowaka, tazama swichi. Usicheke. Chini ya taa nyingi za bustani kuna kiswichi kidogo, na ulipohamishia saketi ndani ya chemli kilibaki kimezimwa, pengine kimefunikwa na gundi. Katika taa nyingi za bei ndogo, swichi ikizimwa hata kuchaji kunakatika, kwa hiyo inakaa juani siku tatu bila kuonja kitu.

Kisha betri. NiMH iliyoshiba na kutulia husoma volti 1.3 hivi, chini ya 1.0 ni tupu. Lakini usiamini namba ya betri iliyolala mezani. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha 1.25 bila mzigo, na taa ikiwaka ikaanguka hadi 0.9 papo hapo. Pima taa ikiwa inafanya kazi, au inajaribu. Na hakikisha ni betri ya kuchajiwa kweli. Kuna watu wanaoweka betri ya redio ya alkali, volti 1.5, kwa sababu inaingia vizuri na usiku wa kwanza inawaka kwa nguvu. Paneli inailazimisha kuchaji kila siku, inavuja, na yale maji yake yanakula springi na vibati vya kushikia betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani pale, toa betri, sugua kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye siki kidogo, pangusa kwa maji safi, kausha vizuri, kwangua kwa msasa hadi chuma king'ae.

Betri nzima, vibati vinang'aa, bado giza? Jaribu LED peke yake: kwa LED nyeupe, betri mbili za volti 1.5 zilizofuatana zinatosha kuiamsha. Ikigoma, geuza miguu. Ikigoma tena, imeungua.

Kinachobaki ni waya, na kwenye taa za mezani nakwenda moja kwa moja chini ya kitako. Mguu ni bomba la chuma lenye nyuzi za skrubu, na ukingo wake wa chini ni mkali. Waya zako nyembamba zinapinda pale pale. Kila mtu anapoisogeza taa, ukingo unakata ngozi ya waya kidogo, mpaka shaba inagusa mwili wa taa. Waya mmoja ukigusa, huenda usione kitu. Wote wawili wakigusa, betri imefungwa shoti kupitia mwili wa taa, na ukiishika utaisikia ina joto. Piga tupa ule ukingo hadi uwe laini, kisha vika waya bomba la kalamu kuukuu au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mahali zinapotokea.

Inawaka mchana, usiku haipo

Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu mwenye taa anakuja amekata tamaa na anaondoka baada ya dakika kumi. Saketi haioni volti za paneli, kwa hiyo inahesabu usiku haujaisha. Inawasha LED juani, betri inakwisha, na giza likiingia hakuna kilichobaki.

Mara nyingi waya wa paneli umekatika. Ulipoweka paneli juu ya ukuta na taa chini, uliunga waya mrefu, upepo wa ziwani ukauchezea, na pale nyuma ya paneli, kwenye vile vibati viwili vyembamba, lehemu ikaachia. Vuta kwa upole, utauona unatoka. Lehemu upya, kisha funga waya kwenye fremu ya paneli ili mvutano usifike kwenye kiungo. Sababu ya pili ni kugeuza chanya na hasi za paneli. Dalili inafanana kabisa. Ya tatu ni paneli iliyokufa: iweke juani bila kitu, ipime. Isipokaribia volti 2, au ikiwa sufuri, maji yameshakula vile vibati chini ya resini na dawa yake ni paneli nyingine.

Inawaka nusu saa, au mpaka saa moja na nusu jioni

Hapa watu wanatupa pesa. Wanabadilisha betri mara moja, wakati huenda betri ilikuwa na njaa tu.

Fanya hivi. Chaji betri hiyohiyo kwa chaja ya ndani ya nyumba hadi ishibe, itie kwenye taa, na usiguse kitu. Ikiwaka hadi usiku wa manane siku ya kwanza, kisha siku zinazofuata ikarudi kwenye nusu saa, betri haina kosa: paneli hailishi. Ikizimika mapema hata usiku ule wa kwanza, betri imechoka au kuna mahali umeme unavuja, rudi kwenye ule ukingo wa bomba.

Kuipima paneli isiyolisha kunahitaji akili kidogo. Volti yake inadanganya. Hata paneli chafu chini ya mawingu inaweza kusoma karibu volti 2 ikiwa haina mzigo. Pima mkondo: weka mita kwenye miliampea, gusa waya mbili za paneli moja kwa moja, juani saa sita mchana. Kwa paneli ndogo hizi hakuna hatari. Kwa betri usithubutu kufanya hivyo kamwe, utaunguza mita au vidole. Sasa osha paneli, pima tena. Mara nyingi utaona namba inaruka mbele ya macho yako.

Kuosha nako kuna namna yake Goma. Vumbi letu ni la lava, na majivu ya volkano ni chembe za mwamba na za kioo. Ukipangusa kwa kitambaa kikavu unapiga msasa bila kujua, na baada ya miezi michache paneli ina ukungu usiotoka. Mwagia maji kwanza, yachukue chembe, kisha pitisha sponji laini yenye sabuni kidogo.

Kama ukungu ni wa manjano na uko ndani ya ule utandu wa juu, si uchafu. Paneli za bei ndogo zimefunikwa kwa resini, si kioo, na tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Miale ya jua inaichoma. Inaweza kuokolewa mara moja: msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, ukiwa umelowa muda wote, halafu tabaka jembamba la vanishi isiyo na rangi. Mara ya pili, nunua yenye kioo.

Halafu kivuli. Paneli ndogo ni seli kadhaa zilizounganishwa kwa kufuatana, na seli moja ikifunikwa inazibana zote. Hauhitaji mparachichi mzima. Kwenye chemli, ule mkono wa waya wa kubebea, ukiwa umesimama juu ya kofia ambako umeweka paneli, unatupa mstari mwembamba wa kivuli katikati ya seli. Mstari ule peke yake unatosha kuiba sehemu kubwa ya chaji. Ulaze upande, au uutoe.

Kuhusu mwelekeo, achana na maelekezo ya Ulaya yanayosema paneli itazame kusini na isimame sana. Goma iko chini ya digrii 2 kusini ya ikweta. Jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, mwezi wa sita likiegemea kaskazini, wa kumi na mbili likiegemea kusini. Ilaze paneli karibu sawa, iinuke digrii 10 hadi 15 tu ili mvua iteremke na vumbi. Mimi ninaielekeza mashariki, kwa sababu wakati wa mvua asubuhi ndiyo yenye jua la kuaminika, alasiri mawingu yanashuka kutoka milimani.

Inafika saa nne usiku, kisha basi

Mama mmoja wa Katindo aliniambia, "Fundi, hii taa inalala mbele ya watoto." Nilimjibu taa yake haina ubovu, ina hesabu.

Tuchukue saketi ya kawaida. Paneli inatoa miliampea 40 jua likiwa kali. Ukikusanya asubuhi, mchana na mawingu, sema ni sawa na saa 5 za jua kali: mAh 200 (miliampea mara saa). NiMH hairudishi yote iliyopewa, na saketi nayo ina tozo yake, kwa hiyo baki na 140 hivi. Ili kupata volti takribani 3 zinazohitajiwa na LED nyeupe kutoka betri ya volti 1.2, saketi inavuta miliampea 30 kutoka kwenye betri. 140 gawanya kwa 30, ni saa nne na dakika arobaini. Ikiwaka saa kumi na mbili jioni, itazimika saa nne na dakika arobaini usiku, na huna wa kumlaumu. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kifaa kilichotengenezewa watu wenye usiku mfupi wa kiangazi hakiwezi kuumaliza.

Kosa la kawaida hapa ni kununua betri kubwa zaidi, ya mAh 2,000 badala ya 600. Haisaidii. Paneli ni ileile, na pipa kubwa halivuti mvua. Kinachosaidia ni paneli ya pili ya volti ileile, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, au kupunguza ulaji. Ulaji unaamuliwa na ile koili ndogo kwenye saketi, inayofanana na rezista nene yenye mistari ya rangi. Koili ya namba ndogo inatoa mwanga mwingi na kumaliza betri. Ya namba kubwa inatoa mwanga kidogo unaodumu. Kwa taa ya pambo, isiyo ya kusomea, ninachagua ya namba kubwa bila kusita.

Inapepesa, au inawaka pale tu mtaa unapokatiwa umeme

Nayo inaeleweka ukikumbuka kile kidude kisicho na jicho. Taa ya jirani ya ulinzi inamulika paneli yako. Saketi inahesabu ni mchana, inalala. Umeme wa mtaa ukikatika, jirani anazimika na wewe unawaka. Watu wengine wameiacha hivyo makusudi, na siwalaumu, ni taa ya dharura isiyo na gharama. Asiyetaka ahamishe paneli nyuma ya kona.

Kupepesa kwa mfululizo, inawaka na kuzimika kila sekunde chache, mara nyingi ni taa inayojiona yenyewe. Tufe la kioo limekaa karibu na ukuta mweupe, mwanga unarudi kwenye paneli, saketi inadhani kumepambazuka, inazima. Giza linarudi, inawasha. Zungushia paneli ukingo mfupi wa mpira mweusi, au inua paneli juu ya usawa wa kioo. Ikiwa inapepesa bila mpangilio, igonge kidogo kwa ukucha: ikijibu, kuna kiungo kilicholegea, na mara tisa kati ya kumi ni springi ya betri.

Inawaka, lakini haionekani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni tatizo la mji huu hasa. Ukuta wako ni wa mawe ya lava. Ni meusi, yana matundu, yanameza mwanga. Taa ileile inayong'ara mbele ya ukuta uliopakwa rangi nyeupe inaonekana mgonjwa mbele ya lava, na hakuna betri itakayorekebisha hilo. Paka chokaa duara moja nyuma ya taa, au bandika kipande cha bati jipya kilichopigwa msasa kikawa na weupe uliofifia. Mwanga unaongezeka bila hata senti ya umeme. Chengeu la kitambaa kizito, lile funiko la taa, nalo ni adui. Kwa nje tumia kikapu cha ukindu kilichosukwa wazi, vivuli vyake ukutani ni pambo tosha.

Angalia pia LED. Zile za kichwa cha duara, za milimita 5, zinatupa mwanga mbele kwa pembe nyembamba. Ukiisimamisha ndani ya chemli ikitazama juu, inamulika kofia tu. Sugua kichwa chake kwa msasa mpaka kiwe kama kioo cha dirisha la choo, au igeuze itazame chini kwenye kipande cha karatasi ya fedha. Kioo cha chemli chenye masizi ya miaka ya mafuta kioshe ndani, majivu ya makaa yenye unyevu yanafanya kazi vizuri kuliko sabuni.

Na ile taa ya mikono mitano. Umetia LED nyeupe nne na nyekundu moja, kwa sababu ulitaka rangi, na nyekundu peke yake ndiyo inawaka. Nyekundu inaridhika na volti 2 hivi, nyeupe zinataka karibu 3. Zikiunganishwa sambamba, nyekundu inavuta mkondo wote na volti haipandi hadi kufika kwa wenzake. Tumia rangi moja, na za mfuko mmoja. Na ukumbuke kwamba saketi moja ina nguvu ileile. Mikono mitano itagawana kilichokuwa cha mmoja. Kwa taa kubwa kama hiyo weka saketi mbili au tatu, kila moja na paneli yake.

Maji ndani ya kioo

Matone upande wa ndani asubuhi, makavu mchana: ni jasho la hewa, halijaingia kutoka juu. Wengi wanajibu kwa kuziba zaidi, na hapo ndipo wanapoua taa, kwa sababu maji yaliyomo hayatoki tena. Toboa tundu la milimita 3 au 4 sehemu ya chini kabisa, na saketi ikae juu ya tundu hilo. Maji yaliyosimama hadi usawa wa betri ni kosa lingine, yameingia kupitia kofia. Kata duara la mpira wa ndani wa pikipiki, uliweke kati ya kofia na kioo.

Silikoni inayonuka siki usiitumie karibu na saketi. Inapokauka inatoa asidi ileile ya siki na shaba inageuka kijani ndani ya kifuniko ulichodhani umekilinda. Tafuta isiyo na harufu hiyo, au ziba, acha wazi siku mbili hadi harufu iishe, ndipo urudishe vitu.

Kutu nayo inakwenda haraka hapa kuliko inavyopaswa. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa, na upepo ukiuleta upande wako mvua inanyesha na asidi. Walioezeka mabati wanajua. Mwili wa chuma upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya pambo. Viungo vya waya vipake vanishi au grisi. Shaba na aluminiamu zinavumilia kuliko bati.

Betri ya lithiamu imevimba, au ina joto

Acha kila kitu, iondoe kwenye jua, iweke kivulini juu ya mawe nje, mbali na nyumba. Usiitoboe, usiijaribu tena.

Chanzo kwa kawaida ni paneli ya volti 6 iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 3.7. Betri hii haipaswi kuvuka volti 4.2, na jua halijui kusimama. Lazima kuwe na kibao kidogo cha saketi cha kuchajia kati yao, TP4056 ndiyo inayopatikana kirahisi, nayo iwe ile yenye ulinzi wa betri. Isome vizuri volti yake ya kuingia: inapenda 5. Chanzo cha pili ni joto. Taa ya chuma cheusi juu ya ukuta wa lava saa nane mchana ni tanuri, na lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita digrii 45. Weka betri chini, kivulini, ndani ya kopo lake, waya ndiyo ipande.

Na ukinunua seli za 18650, zile betri za lithiamu za duara, usidanganywe na maandishi. Hakuna seli ya ukubwa huo yenye mAh 9,900. Nzuri ziko kwenye 2,500 hadi 3,500, na uzito wake ni gramu 45 hivi. Iliyo nyepesi mkononi ina seli ndogo ndani, au unga. Kwa taa ya pambo tu, mimi ningebaki na NiMH; haina hasira.

Inaanguka, au asubuhi haipo kabisa

Zile taa za bustani huja na kijiti cha plastiki cha kuchoma ardhini. Ukiwa umejenga juu ya lava iliyomwagwa na Nyiragongo mwaka 2002, ukichome wapi? Kinavunjika, watu wanakiegemeza kwa mawe mawili, upepo unakuja. Tupa kijiti. Chukua kopo la maziwa la kilo, simamisha mguu wa taa katikati, mwaga zege, acha likauke siku chache. Zito, halipinduki, na ukilipaka rangi halionekani kopo.

Uzito huo unasaidia pia kwa shida ya mwisho, wizi, ambayo mita haiwezi kuipima. Kwa inayoning'inia ukutani, pitisha nondo nyembamba kutoka ndani ya mwili wa taa hadi kwenye jiwe la ukuta, na baada ya kukaza nati, igonge nyuzi zake kwa nyundo zisifunguke. Paneli ndiyo inayotafutwa kuliko taa yenyewe, kwa hiyo andika jina la familia nyuma yake kwa chuma cha kulehemu, herufi kubwa, zilizozama kwenye plastiki.